Mama wa mshukiwa ndiye kachero wa kwanza

Mchukulie mama mmoja wa Ukunda. Mwanawe ana miaka 22 na alikuwa akiendesha bodaboda barabara ya Diani. Wiki mbili nyuma aliiuza ile pikipiki na hakusema kwa nini. Ijumaa akatoka kwenda kuswali, hakurudi. Kitambulisho kakiacha kabatini, simu haipatikani, na yule rafiki mpya aliyekuwa akimjia baada ya Isha naye kapotea. Mama hajasoma sheria wala ujasusi, lakini kwa wakati huu anajua jambo ambalo hakuna idara yoyote Nairobi inalijua: mwanawe yuko njiani kuelekea Somalia, pengine hajafika hata Kiunga. Namba ya chifu anayo, na ya mzee wa nyumba kumi anayo. Anaishika simu, anaiweka chini.

Akipiga, huenda kijana akazuiwa kabla ya mpaka, akawekwa ndani, akashtakiwa, akawa hai. Akipiga, vilevile, huenda akawa amelitia jina la mwanawe mwenyewe kwenye orodha, na siku moja watu waliovaa kiraia wakashuka kutoka kwenye gari, wakamchukua, na kila kituo atakachokwenda kuuliza akaambiwa huyo hapa hatumjui. Kwa mtu wa Kwale au wa Mombasa, hili la pili si hadithi. Ametazama jirani yake akizunguka vituo, hospitali na vyumba vya maiti.

Ninaanza na huyu mama kwa sababu mjadala wa ugaidi na haki za binadamu nchini Kenya umegeuzwa kama mizani ya duka: ukiongeza haki upande huu, usalama unapungua upande ule. Anayesema mshukiwa apelekwe kortini huitwa mtetezi wa magaidi, na huulizwa mbona hakusema kitu kuhusu waliouawa. Swali hilo la mwisho ni la haki. Hoja za serikali ni nzito, na wengi wetu tunaoandika upande wa haki huziruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Tusiziruke. Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013, watu 67 waliuawa Westgate wakiwa katika manunuzi. Juni 2014, usiku ambao watu walikuwa wamekaa kutazama mechi za Kombe la Dunia, Mpeketoni ilivamiwa, na katika siku mbili wakauawa watu wapatao 60 hapo na vijiji vya jirani. Novemba ya mwaka huohuo abiria 28 walioshindwa kujithibitisha kuwa Waislamu waliuawa baada ya basi lao kuzuiwa Mandera. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Garissa: watu 148, karibu wote wanafunzi. Ongeza askari wanaokanyaga mabomu ya kutegwa ardhini katika barabara za Lamu na Mandera, wale ambao majina yao hayadumu hata siku mbili kwenye habari. Afisa aliyewazika wenzake watatu kwa msimu mmoja ukimwambia habari ya dhamana, usitegemee atabasamu.

Afisa huyo ana malalamiko mengine, nayo ni ya kazi yenyewe. Habari za kijasusi si ushahidi. Aliyemwambia kwamba fulani ana bunduki hawezi kusimama kizimbani kusema hivyo, maana akishuka hapo ameshakufa. Na kesi huchukua miaka. Ya Garissa ilimalizika Julai 2019, miaka 4 baada ya shambulio. Ya Westgate ilichukua 7. Waliosaidia waliovamia hoteli ya DusitD2 Januari 2019, ambako watu 21 waliuawa, wamehukumiwa miaka 30 kila mmoja Juni 2025. Halafu, baada ya jasho lote hilo, Novemba 2021 wafungwa 3 wa ugaidi, mmoja wao wa kesi ya Garissa, walitoroka gereza lenye ulinzi mkali kuliko yote, Kamiti, na serikali ikatangaza zawadi ya shilingi milioni 60 kwa atakayesaidia kuwapata. Walipatikana Kitui siku chache baadaye. Walinzi wa gereza wakakamatwa wao.

Wanaotetea mkono mzito wana mfano mwingine, nao huutoa ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2017, katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, mkoa wa Pwani wa Tanzania, wenyeviti wa vijiji na viongozi wa chama tawala waliuawa mmoja baada ya mwingine, na tarehe 13 Aprili polisi 8 wakaviziwa na kuuawa kwa mpigo. Serikali ikakaza: kanda maalumu ya kipolisi ikaundwa, pikipiki zikapigwa marufuku usiku, watu wakachukuliwa majumbani na wengine hawakuonekana tena. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiyaandika mauaji hayo, alitoweka Novemba na hajapatikana. Na mauaji ya Kibiti yakakoma. Huwezi kulikana hilo. Lakini Oktoba ya mwaka huohuo mji wa Mocímboa da Praia ulivamiwa kule Msumbiji, miaka iliyofuata Watanzania wakatajwa miongoni mwa wapiganaji wa mkoa huo wa Cabo Delgado, na Oktoba 2020 wapiganaji wakavuka mto Ruvuma na kukishambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Siwezi kusema kwamba moja lilizaa lingine. Inanitosha tu nisiite ushindi.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu kuna jambo linalopotoshwa kila siku. Ukisikiliza mijadala ya redioni utadhani sheria za Kenya zimewafunga polisi mikono. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inairuhusu mahakama kumweka mshukiwa rumande siku 30 kwa kila awamu, hadi siku 90, kabla hata hajashtakiwa. Mwizi wa ng'ombe hakai hivyo. Sheria ya usalama iliyosukumwa bungeni Desemba 2014 kwa vurugu na kumwagiana maji ilifika Mahakama Kuu, na tarehe 23 Februari 2015 majaji 5 wakafuta vifungu 8. Magazeti yakaandika vifungu 8 vilivyofutwa. Hayakutilia maanani vile vilivyoachwa, ukiwemo uwezo wa kusikiliza mawasiliano ya washukiwa wa ugaidi, ambao majaji waliona unakubalika katika nchi iliyoumizwa kama hii. Kwa maneno mengine, mahakama iliyosemwa kuwa adui wa usalama iliipa serikali sehemu kubwa ya ilichoomba. Ilichokataa ni mambo kama kuwafunga mdomo waandishi na kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000, kana kwamba mkimbizi wa 150,001 ndiye gaidi.

Kwa hiyo ubishi haupo kati ya sheria kali na sheria laini. Upo kati ya sheria na yale yanayofanyika nje yake. Septemba 2015 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni chombo cha serikali kilichoundwa na Katiba, ilitoa ripoti yenye zaidi ya visa 120 vinavyohusu operesheni za kupambana na ugaidi: 25 vya mauaji na 81 vya watu kutoweshwa. Polisi walikana, kama walivyokana kuhusika katika mauaji ya mashekhe wa Mombasa. Nami sina ushahidi wa nani alifyatua. Nina hoja kuhusu kilichofuata.

Abubakar Shariff, mmoja wa mashekhe hao, aliyejulikana kama Makaburi, alitamka waziwazi mbele ya vinasa sauti kwamba shambulio la Westgate lilikuwa halali. Mtu wa namna hiyo alistahili kushtakiwa na kufungwa, na kama ushahidi ulikuwapo, afie gerezani akiwa mzee asiyesikilizwa na mtu. Jioni ya tarehe 1 Aprili 2014 alipigwa risasi akitoka mahakama ya Shanzu. Tazama mahali penyewe: nje ya mahakama. Hakuna aliyehukumiwa kwa kifo hicho. Kabla yake, Agosti 2012, shekhe Aboud Rogo alimiminiwa risasi barabara ya Malindi akiwa na mkewe garini, na Mombasa ikawaka siku kadhaa. Makanisa yakavunjwa, gruneti ikaua polisi. Na Mpeketoni ilipovamiwa, miezi miwili na nusu baada ya Makaburi, al-Shabaab katika kujigamba kwao walitaja mauaji ya mashekhe kuwa mojawapo ya visasi vyao. Walikuwa wakitafuta kisingizio? Bila shaka. Wauaji hawakosi kisingizio. Lakini hiki waliletewa mlangoni.

Kuna takwimu moja iliyonikaa kichwani kwa miaka. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilichapisha matokeo ya mahojiano na watu 718 barani Afrika, 495 kati yao wakiwa watu waliojiunga kwa hiari na makundi kama al-Shabaab na Boko Haram. Waliulizwa ni tukio gani hasa lililowafanya wavuke mstari. Asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki.

Nimewahi kuitumia vibaya takwimu hii, kama wengi wanavyoitumia, kwa kusema kwamba magaidi 7 katika 10 wametengenezwa na polisi. Haisemi hivyo. Inasema kwamba kijana ambaye tayari ana hasira, ambaye tayari amesikiliza kanda na hana kazi, siku aliyoondoka ilikuwa mara nyingi ni siku baada ya askari kupita nyumbani kwao. Sababu ni kitu kimoja na siku ya kuondoka ni kitu kingine. Tena waliohojiwa ni watu waliokwisha kushiriki, na mtu akiulizwa kwa nini ulikwenda kuua hujibu kwa lile linalompunguzia mzigo. UNDP waliporudia utafiti na kuutoa 2023, wakiwa na watu karibu 2,200 katika nchi 8 (Kenya haikuwamo), waliuliza kwa uangalifu zaidi. Safari hii asilimia 48 ya waliojiunga kwa hiari ndio waliosema kulikuwa na tukio mahususi lililowasukuma, na katika hao, asilimia 71 wakataja uvunjaji wa haki za binadamu, aghalabu na vyombo vya usalama. Piga hesabu: 71 katika kila 100 ya 48 ni kama 34. Theluthi moja. Robo ya waliojiunga walisema walichofuata ni ajira.

Basi tuchukue theluthi, tuache ile saba katika kumi ya kushtua watu mikutanoni. Na hata theluthi tuipunguze, tuseme wengine wanajitetea tu. Bado inabaki idadi ambayo hakuna mradi wa cherehani kwa vijana, semina ya maimamu hotelini wala operesheni ya msitu wa Boni inayoweza kudai kuwa imeipunguza. Mwaka 2014 Taasisi ya Masomo ya Usalama, yenye makao yake Afrika Kusini, ilihoji Wakenya waliohusishwa na al-Shabaab, na asilimia 65 walitaja mkakati wa serikali wa kupambana na ugaidi kuwa jambo kuu lililowasukuma. Mwaka huohuo, Aprili, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikuwa wakisombwa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na kufungiwa uwanja wa michezo wa Kasarani katika operesheni ya Usalama Watch, na waliokuwa na noti mfukoni walijua bei ya kutoka. Gaidi wa kweli ndiye mwenye noti nyingi zaidi.

Hapo ndipo hoja ya "mahakama huwaachilia" inapoanguka, na sijaona kisa kinachoiangusha vizuri kuliko cha Oktoba 2020. Kesi ya Westgate iliisha baada ya miaka 7. Washtakiwa wawili walipatikana na hatia ya kula njama, wakafungwa miaka 33 na 18. Wa tatu hakimu alimwona hana hatia. Upande wa mashtaka ulikuwa na miaka 7 ya kutafuta uzi mmoja wa kumfunga nao, ukakosa. Kesho yake, akitoka ofisi za polisi wa kupambana na ugaidi jijini Nairobi alikokwenda kukamilisha taratibu, watu wenye silaha walilizuia gari alimokuwamo wakamchukua. Sijui jinsi ya kumweleza shahidi wa kesi ijayo kwamba neno lake mahakamani lina uzito, wakati neno la hakimu halikufika hata saa 48.

Narudi kwa mama wa Ukunda, maana kesi za ugaidi huanzia kwake. Magaidi hawajifichi kwa serikali; hujificha kwa majirani, na majirani wakisema, wamekwisha. Baada ya Garissa, Aprili 2015, serikali ilitangaza msamaha kwa vijana watakaorudi kutoka Somalia na kujisalimisha, na ikawapa siku 10. Wazo lilikuwa jema, na waliolitoa walistahili sifa kuliko walizopewa. Lakini Kwale waliorudi walijikuta katikati ya risasi za pande mbili. Al-Shabaab waliwaona wasaliti, na wengine waliuawa na watu ambao hakuna aliyewataja mahakamani. Wazee wa nyumba kumi nao wakauawa, kwa kushukiwa kuwa wapiga ripoti. Hilo la mwisho ni kosa la magaidi, si la polisi, na watu wa haki hatulisemi vya kutosha. Ila mama akiyatazama haya yote kwa pamoja hagawi lawama kwa asilimia. Anaona tu kwamba aliyesema alikufa, na aliyesemwa alikufa pia.

Mwezi huohuo wa Aprili 2015, mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na Haki Africa ya Mombasa, ambayo ndiyo mama kama huyu angeweza kuyaendea ili yampeleke mwanawe polisi akiwa na wakili, yaliwekwa katika orodha ya wanaoshukiwa kufadhili ugaidi, na akaunti zao zikafungwa. Mahakama ilikuja kusema mwaka huohuo kwamba hakuna cha kuwahusisha na ugaidi. Miezi hiyo mlango mmoja wa kati, ule wa kumfikisha kijana kwa serikali akiwa salama, ulikuwa umepigwa kufuli na serikali yenyewe. Hapa nakiri sioni upande wa pili wa kuupima.

Na kuna upande ambao kwa kweli huwa hauandikwi. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo, kama walivyofanya mwaka mmoja nyuma. Safari hii abiria walikataa. Wanawake wa Kiislamu walikuwa wameshawatupia hijabu wenzao ndani ya basi, na wauaji wakaambiwa waue wote au waache. Salah Farah, mwalimu, alipigwa risasi pale na akafa hospitalini Nairobi Januari iliyofuata. Watu wale, kwa sehemu kubwa Wasomali wa Kaskazini Mashariki, ni walewale ambao kupata kitambulisho kwao kulimaanisha kupigwa msasa na kamati za wazee na maafisa, jambo ambalo kijana wa Nyeri hajawahi kulijua. Serikali haikuwa ndani ya basi lile. Waliokuwamo ni raia, nao wakafanya kazi ambayo ingeshinda kikosi kizima.

Wasomaji wa bara walio na umri wa kukumbuka wataniambia haya ni mambo ya zamani, ya Pwani na Wasomali. Yalikuwa hivyo hadi Juni 2024. Vijana wa maandamano dhidi ya mswada wa fedha walipoanza kuchukuliwa na Subaru zisizo na alama, na Tume ileile ya Haki za Binadamu ilipohesabu utekaji 82 kufikia mwisho wa Desemba, nchi ilishtuka. Majengo, Mombasa, hatukushtuka. Gari ni lile, kofia ni zile, jibu la kituoni ni lile: hatumjui. Mwaka 2025 waandamanaji walifikishwa mbele ya mahakama ya Kahawa wakishtakiwa kwa sheria ya ugaidi. Kilichojaribiwa kwa mashekhe ambao watu wengi hawakuwapenda kilikuwa tayari kimekomaa kilipofika kwa wanafunzi ambao watu wengi waliwapenda.

Kenya ilitia saini mkataba wa kimataifa dhidi ya kutowesha watu Februari 2007. Haijauridhia. Sheria ya wachunguzi wa vifo ilipitishwa 2017, ili maiti inayookotwa mtoni ichunguzwe na mtu asiyekuwa polisi, nayo imekaa tu kwenye karatasi. Mawili haya hayamzuii askari yeyote kumkamata gaidi yeyote leo usiku.

Wakati huohuo, katika nyumba nyingi kutoka Likoni hadi Malindi, kuna mke ambaye hajui kama akae eda au aendelee kusubiri. Hati ya kifo hapewi, kwa sababu hakuna maiti. Shamba haligawiki, akaunti ya benki ya mumewe haifunguki, na watoto wakiulizwa shuleni baba yuko wapi hujibu kwamba amesafiri. Sheria ya ushahidi inasema mtu asiyesikika kwa miaka 7 na wale ambao wangepaswa kumsikia huchukuliwa kuwa amekufa. Waliochukuliwa 2014 na 2015 wamepita miaka hiyo, na baadhi ya wake hao bado hawajakwenda mahakamani kuomba waume zao wahesabiwe maiti, kwa kuwa kuomba hivyo ni kuacha kuuliza nani aliwachukua.